Nani Anampelekea Mkuu Mizaha Yetu

Ergashvoy alikuwa na mazoea ya kuwatazama watu masikio. Ukienda karakanani kwake kuagiza beshiki, kile kitanda cha mbao cha kubembelezea mtoto mchanga, hakuangalii usoni wala mfukoni. Anakuangalia sikio la kulia, kisha la kushoto, halafu anarudi kwenye rangi zake. Siku moja nilimuuliza kulikoni.

"Mdomo wa mtu unajua kujificha, Nishon," akaniambia. "Sikio halijui. Likisikia kitu cha kupeleka mahali, linasimama."

Nikamwambia yangu yamesimama tangu nizaliwe, hata mama alinililia. Akasema ndiyo maana mimi ananichunga zaidi.

Mimi ni mpishi wa pilau. Nimepika harusi na matanga ya mji wetu, huku bonde la Fergana, tangu sijaota ndevu, na kazi hii imenifundisha kutomwamini mtu upesi. Anayesifu pilau kabla hajaionja ana shida yake. Anayekula bila kusifu naye ana shida yake. Lakini kwa shaka Ergashvoy alinizidi mbali. Alikuwa akionja chai ya nyumbani kwake mwenyewe kama mtu aliyealikwa na hasimu.

Kazi ya beshiki aliirithi kwa baba yake: kuchonga, kutoboa, kupaka nyekundu na kijani na manjano, maua juu ya maua. Kila beshiki ina tundu katikati na kibomba cha mti cha kupitishia haja ndogo ya mtoto, na vibomba hivyo alivichonga mwenyewe. "Nusu ya wakubwa wa mji huu wamekojolea kazi ya mikono yangu," alikuwa akisema, "na hawajaacha."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuna kitu kilichopita mbele yake kikabaki na heshima yake yote. Waimbaji wa harusini, wanaofungua kinywa huku sauti ikitoka kwenye mashine, alisema wana sauti mbili: moja ipo kwenye kisahani cha muziki, nyingine wanaitumia kudai malipo. Sanamu ya mkulima iliyosimamishwa karibu na soko aliitazama siku ya uzinduzi, akauliza mbona mkulima ana mikono safi. Akajibiwa kwamba hiyo ni sanaa. "Basi ni kweli," akasema. "Mwenye mikono ile hajalima, kaigiza."

Jumapili mchana tulikuwa na baraza letu. Sisi huliita gap, maana yake ni maneno tu, na maneno ndiyo tuliyoyafuata. Tulikuwa wanne, kila Jumapili nyumbani kwa mmoja wetu kwa zamu: Ergashvoy, mimi, mwalimu Qosimboy aliyekuwa akifundisha historia, na Mahkamjon kinyozi. Napika mimi popote tulipo, kwa kuwa siwezi kula pilau ya mtu mwingine nikanyamaza. Mchele ukishafunikwa ili uive kwa mvuke, hakuna wa kugusa kifuniko, na muda huo wa kungoja ndio muda wa askiya.

Askiya ni mapambano ya maneno. Mmoja anafungua mada, tuseme tikiti au farasi au kofia, na kuanzia hapo hakuna kutoka nje ya mada. Unapigwa kwa maneno, unajibu kwa maneno yaleyale yaliyogeuzwa tumbo. Sheria ni moja tu: kukasirika ni mwiko. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakusimulia mpaka wajukuu. Ukiishiwa, unaweka mkono kifuani na kusema nimekubali, mchezo unaisha, watu wanakula.

Ergashvoy na Mahkamjon walikuwa wakipambana tangu ujana. Mmoja mwembamba na mwepesi wa ulimi, mwingine mnene, mpole, anasubiri mpaka unadhani kalala. Kila mwaka Navruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ikifika walipandishwa jukwaani uwanjani, na watu waliacha hata uji wa ngano kwenye masufuria ili wawasikilize. Hakuna aliyewahi kumwona mmoja wao akiweka mkono kifuani kwa ajili ya mwenzake. Mchezo uliishia kwenye pilau tu, kwa kuwa mimi nilikuwa nafunua.

"Mahkamjon, wewe si unajua kukata?" Ergashvoy angeanza. "Mbona kichwani kwangu hukati kitu?"

"Kaka, nywele zako zilikata tamaa kabla sijafika."

"Basi kata bei."

"Bei nilishakata. Sasa nasubiri wewe ukate kauli."

"Nikikata kauli mimi, kiu yako ya kusemwa ataikata nani?"

Na hivyo hivyo mpaka mbavu zituume. Lakini msikilizaji makini angeona kitu kingine. Ergashvoy, asiyemwamini mtu chini ya jua, alikuwa akimtupia Mahkamjon maneno kama mtu anayemrushia mwenzake mtoto mdogo, akijua atadakwa. Askiya ya mtu mmoja ni wazimu. Nje ya pale alikuwa fundi mwenye kinyongo na nusu ya dunia, na bila Mahkamjon angebaki hivyo tu.

Shida ilianza mkuu wa wilaya alipojenga chemchemi kubwa mbele ya ofisi yake, maji yanaruka na kurudi kwa muziki na taa za rangi. Wakati huohuo mabomba ya mtaani kwetu yalikuwa yakikohoa hewa tangu asubuhi. Jumapili ile Ergashvoy akatuambia: "Msiyalaumu maji. Hayaji kwetu kwa sababu yamepata ajira mjini. Yanacheza ngoma." Tulicheka sana. Qosimboy alilazimika kuvua miwani.

Siku chache baadaye aliingia karakanani Bwana Tulqin wa ofisi ya utamaduni, kijana wa tai nyembamba na viatu visivyojua vumbi. Hakuwa na mtoto wala mjukuu, na hakuagiza kitanda. Alikaa akatazama rangi, akasema kwa upole:

"Mzee Ergashvoy, maji yetu yanaendeleaje na ajira yao?"

Ergashvoy aliniambia baadaye kwamba aliliharibu ua alilokuwa akilipaka. Akammiminia mgeni chai mpaka ukingoni. Kwetu mgeni anayeheshimiwa humiminiwa nusu kikombe, ili aongezewe tena na tena. Kikombe kilichojaa maana yake kunywa uondoke. Bwana Tulqin alikinywa chote, akaomba kingine.

"Mkuu alicheka," akasema. "Alicheka sana. Kisha akauliza, huyu mzee wa vitanda hachoki?"

Baada ya hapo Ergashvoy hakulala tena kama watu. Mzaha ule aliusema barazani, mbele yetu watatu tu. Hakuwa ameusema sokoni wala msikitini. Kwa hiyo kati ya watu aliokula nao sinia moja kwa miaka yote hiyo, mmoja alikuwa na mguu mwingine mlangoni kwa mkuu. Qosimboy alipoambiwa alitikisa kichwa na kusema kikulacho ki nguoni mwako, na Ergashvoy akamtazama kwa jicho la kuuliza, wewe umejuaje.

Jumapili zilizofuata zilikuwa ngumu. Tulikaa, tukala, lakini mizaha ilipungua chumvi. Ukicheka mapema, Ergashvoy anakutazama. Ukichelewa kucheka, anakutazama zaidi. Mimi nilianza kucheka kwa kumfuata Qosimboy, na nadhani Qosimboy alikuwa akinifuata mimi. Ni Mahkamjon peke yake aliyeendelea kucheka anapotaka, na hilo nalo likageuka kosa.

Mtego aliotega sikuujua mpaka ulipokwisha kukamata. Siku moja alipita jikoni kwangu nikikata karoti, akaniinamia sikioni. "Nasikia kiti cha mkuu kimeomba likizo," akasema. "Mzigo umekizidi." Mkuu wetu alikuwa amenenepa, kweli, lakini mzaha wenyewe ulikuwa wa mtu aliyechoka. Nikacheka kwa adabu, nikauweka kando na maganda. Qosimboy naye alinong'onezwa wa kwake, kwamba viti vya ukumbi mpya wa maigizo vimefanywa laini kwa sababu watu wanakwenda kulala. Huo hata babu yangu aliusikia. Na Mahkamjon alinong'onezwa wa tatu.

Ikaja siku ya kazi za pamoja, wazee wa mtaa tukaitwa kupanda miche kando ya barabara. Bwana Tulqin alikuwa akigawa miche na kupigwa picha. Alipofika kwa Ergashvoy alimkabidhi mche wa mlozi kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mkuu wetu hodari wa kupanda. Akipanda miti, miti inakauka. Akipanda cheo, tunakauka sisi. Sivyo, mzee?" Kisha akashusha sauti. "Navruzi hii pumzika. Jukwaa tutawapa vijana."

Ergashvoy alikuja kwangu moja kwa moja, mikono imejaa udongo, mche wenyewe bado kaushika. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Wewe umetoka safi," akaniambia. "Na Qosimboy safi."

"Safi ya nini?"

Akanieleza. Nikaacha kisu. Nasema kweli, nilikasirika. Mtu ninayempikia kila juma alikuwa amenitega kama panya, tena kwa jibini bovu.

"Kwa hiyo mimi ningekuwa mwizi wa maneno yako?"

"Ungekuwa. Hukuwa. Ni Mahkamjon."

"Haiwezekani."

"Mzaha wa kupanda nilimwambia yeye peke yake. Neno kwa neno, Nishon. Yule kijana kausema neno kwa neno."

Nikamwambia pengine Mahkamjon aliurudia kibandani kwake, wateja wakaubeba. Akasema alimwapisha asiurudie, na Mahkamjon aliapa kwa mkate. Kisha akaanza kunihesabia mengine, nami nikaona shaka inavyofanya kazi. Ni kama mafuta ya mkia wa kondoo: likidondoka tone moja kwenye mkono wa shati, kesho unalikuta kifuani. Bwana Tulqin ananyolewa wapi? Kwa Mahkamjon. Barabara ilipopanuliwa, vibanda vingapi vilivunjwa? Vyote upande ule, isipokuwa cha kinyozi. Nilijua kibanda chake kimerudi nyuma hatua kadhaa kutoka barabarani, ndiyo maana kilipona. Nilijua, na bado usiku ule nilijiuliza mbona kilirudi nyuma.

"Usimseme mbele za watu," nikamsihi. "Nenda kwake, mkae wawili."

"Aliniuza mbele za watu," akasema.

Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa ya Qosimboy. Binti yake alikuwa amechumbiwa, kwa hiyo wakwe walikuwa wamefika kutoka Namangan, wanaume wanane wenye kofia mpya, wamekaa wakingoja kuona hawa mashuhuri wawili wakipambana. Nilikuwa uani na sufuria langu, mlango wazi, nasikia yote. Nikafunika mchele. Baba mkwe akasema, haya wazee, tusikie.

Ergashvoy hakukaa kimchezo. Alikuwa amepiga magoti, mikono mapajani, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Mahkamjon," akasema. "Umeniuza."

Wakwe wakapasuka kwa kicheko. Waliona mada imefunguliwa: kuuza na kununua. Mada nzuri, pana, mchezo wa siku nzima. Mmoja akapiga makofi.

Mahkamjon alitabasamu polepole kama kawaida yake. "Kaka, ningekuuza nani angekununua? Hata kwenye mnada wa punda wanaangalia meno."

Kicheko tena.

"Mimi sichezi," Ergashvoy akasema. "Umeniuza kwa mkuu."

"Huyo hanunui," mkwe mmoja akadakia, "huyo anapewa bure!" Na mwingine akasema mkuu akinunua hutaka na bahasha ya kufungia. Sasa kila mtu alikuwa anatia neno lake. Qosimboy peke yake alikuwa ameinamisha kichwa, akichezea kijiko.

"Nasema kweli," Ergashvoy akapaza sauti. "Mbele ya Mungu. Nilikupa neno ukalipeleka sokoni. Nimekula mkate wako nusu ya maisha yangu, kumbe nilikuwa bidhaa."

Hapo wakwe walilala chali. Walisema hawajawahi kumwona mtu akicheza kwa uso mkavu namna ile, kwamba kweli mashuhuri ni mashuhuri. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kucheka. Alikuwa amesahau, yeye ambaye angekuwa wa mwisho kusahau, kwamba mtu wa askiya hana mahali pa kusemea kweli wakati sufuria limefunikwa.

Mimi nilikuwa namwangalia Mahkamjon. Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, lakini nyuma yake mtu aliondoka. Alimtazama Ergashvoy muda, akatafuta kitu usoni mwake, na nadhani alikipata. Angeweza kukasirika, na haki ilikuwa yake. Angeweza kuuliza, kaka, una maana gani. Lakini angeuliza, wageni wangejua kwamba si mchezo, chakula cha uchumba cha Qosimboy kingegeuka ugomvi, na Ergashvoy angebaki katikati ya chumba akiwa amevunja mwiko mbele ya watu wa mbali.

"Bei gani nilikuuza?" akauliza kwa upole.

"Unaijua mwenyewe."

"Basi nilipunjwa," Mahkamjon akasema. Akaweka mkono kifuani. "Nimekubali, kaka."

Chumba kilisimama. Wakwe walipiga makofi, wakamkumbatia Ergashvoy, wakambusu kofia. Wameshuhudia jambo: Mahkamjon kinyozi, asiyewahi kushindwa, kaweka mkono kifuani. Wangelisimulia Namangan nzima. Katika vurugu ile Mahkamjon aliinuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akapita kando yangu uani. Mchele ulikuwa haujafunuliwa. Kwetu mtu haondoki kabla ya pilau, hata aje kuambiwa nyumba yake inaungua. Anakula tonge moja kwanza.

"Subiri tonge," nikamwambia.

"Leo sina njaa, Nishon," akasema, akaniwekea mkono begani, akaenda. Pilau ile iliiva vizuri. Sikuila.

Ushindi ule ulimletea Ergashvoy sifa asizozitaka. Watu walikuja kumwalika harusini, mpaka kutoka miji ya mbali, aje yule aliyemweka kinyozi chini. Alikwenda mara moja. Akakaa, akafungua mada, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Vijana walimsikiliza kwa heshima, mikono magotini, kama wanaosikiliza mahubiri. Alirudi akaniambia ni afadhali angezomewa.

Navruzi ikafika. Bwana Tulqin alikuwa amewapanga vijana wawili waliokariri mizaha kutoka kwenye simu. Tukasikia kwamba Mahkamjon aliombwa apande nao, na akakataa. Nikampelekea Ergashvoy habari hiyo haraka, nikitumaini kitu.

"Ameogopa watu watamwona," akasema.

"Au hakutaka kupanda bila wewe."

"Wewe unamtetea kwa nini?" Akaniangalia sikio. Barazani tulikuwa tumebaki watatu, na meza ya watu watatu inayumba. Baada ya majuma machache hatukukutana tena, na hakuna aliyesema kwamba baraza limekufa.

Mwanzoni mwa kiangazi binti yangu alijifungua, nikaenda karakanani kuagiza beshiki, maana kwetu upande wa mama ndio unaopeleka. Ergashvoy alikuwa amekonda. Alikuwa akipaka rangi bila kusema neno, na mimi, niliyezoea kutukanwa pale tangu mlangoni, niliona uchungu. Karakana iko uani kwake, na mkewe Salomat alileta birika na mkate, akakaa kwenye ukingo wa veranda akituwekea chai kama alivyofanya maisha yake yote. Ni mwanamke wa maneno machache mbele ya wanaume. Siku ile aliongea.

"Baba Dilshod, mwite Mahkamjon. Miezi sasa. Nyumba imekuwa kaburi."

"Msaliti simwiti."

"Alifanya nini hasa? Hujaniambia."

Ergashvoy akamwambia bila kuinua macho: mzaha wa miti na cheo, kwa mtu mmoja tu, na ukafika kwa mkuu neno kwa neno.

Salomat aliweka birika chini.

"Huo niliusema mimi," akasema.

Brashi ikasimama.

"Uliusema wapi?"

"Kwenye baraza letu, kwa mwenzangu Oydin. Na sisi tuna baraza, ulidhani tunakwenda kushona tu? Shemeji yake mkuu alikuwepo. Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye godoro."

"Nani alikuambia wewe mzaha huo?"

"Wewe. Umekaa hapohapo ulipokaa, ukijisemea asubuhi nzima, unabadilisha neno hili, unarudisha neno lile. Mimi namimina chai. Nimekaa nyuma ya birika hili tangu unioe. Ulikuwa unamwambia nani, ukuta?"

Alimwangalia mkewe kama mtu anayeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake. "Na ule wa maji?"

"Na ule wa maji. Ulikuwa mzuri." Sauti yake ikabadilika kidogo. "Nilidhani unataka isikike. Wenzangu wananiambia, mume wako ana ulimi. Mimi najivuna. Sikujua kuna kitu kimeharibika, hukuniambia kitu."

Likanijia swali, nikauliza kabla sijajizuia. "Shemeji, na ule wa kiti kilichoomba likizo? Na wa viti laini vya ukumbi? Hiyo nayo si aliijaribu hapa?"

"Aliijaribu," Salomat akasema. "Ilikuwa mibovu. Nani angeirudia?"

Nilitaka kucheka, lakini nilimwangalia Ergashvoy, nikaacha. Mtego wake haukupima uaminifu wa mtu yeyote. Ulipima mzaha upi ni mzuri.

"Kwa nini ule mzuri ulimpa yeye?" nikamuuliza. "Kwa nini sisi utupe makombo, yeye nyama?"

Rangi nyekundu ilikuwa ikidondoka kwenye goti lake na hakuiona.

"Ningempaje Mahkamjon mzaha mbovu?" akasema.

Akanawa mikono, akavaa kofia, na tukaenda kwa kinyozi pamoja, kwa kuwa hakutaka kwenda peke yake na mimi sikutaka kumwacha. Ilikuwa siku ya soko. Kibanda kimejaa, watu wanne watano wanangoja ukutani, na mwenye kunyolewa alikuwa ndiyo kwanza anainuka. Waliokuwa wakingoja walipomwona Ergashvoy wakasogea wakampisha kwenye kiti. Wakagusana viwiko. Wawili hawa, baada ya siku ile ya wakwe wa Namangan.

Mahkamjon alimfunga shuka shingoni. Hakusema salamu zaidi ya ile ya lazima. Akampaka povu kichwani, akanoa wembe kwenye mkanda.

"Mahkamjon," Ergashvoy akasema akimtazama kwenye kioo. "Nilikosea."

Mtu mmoja ukutani akaguna kwa furaha.

"Nilikusingizia. Hukuniuza. Aliyesema ni mke wangu, na aliyemwambia ni mimi. Nilijiuza mwenyewe, ndani ya nyumba yangu."

Wakacheka. Mwenye kofia ya manyoya akasema, sikilizeni, anafungua ileile, ya kuuza. Mwingine akamshika mkono anyamaze asikose jibu.

"Siwachezei," Ergashvoy akasema, na machozi yalikuwa yameanza kushuka, yakichanganyika na povu. "Kaka, wallahi sichezi. Nakuomba radhi."

Hapo walicheka mpaka mmoja akakaa chini sakafuni. Mimi niliwaambia wanyamaze, wakadhani na mimi nimo. Mahkamjon hakucheka wala hakukunja uso. Aliendelea kumnyoa kwa mkono mwepesi, taratibu kuzunguka sikio la kulia, kisha la kushoto, hakumkata popote. Alipomaliza alimfuta kwa taulo la moto, akalaza kiganja juu ya kile kichwa cheupe, kikakaa pale kidogo. Nilidhani atasema neno.

Akafungua shuka, akalikung'uta mlangoni.

"Anayefuata," akasema.

Na kibanda kizima kikacheka tena, wakidhani hilo ndilo jibu.